Nilimpa rafiki yangu tatu kwa kumi

Shangazi shikamoo,

Uniwie radhi kwa barua ndefu. Nimejaribu kuifupisha mara mbili, kila nikikata naona nimekata penyewe.

Mimi ni binti wa miaka 31, naishi Kimara na kazi yangu iko Posta. Tuko marafiki wanane tuliosoma sekondari moja, tumeshikana mpaka leo. Mwaka huu mwenzetu mmoja alileta wazo la mashindano ya nyimbo. Hatuimbi, tunachagua. Kila Jumatatu jaji wa wiki anatoa mada. Wengine saba kila mmoja anatafuta wimbo mmoja unaoendana na mada, anamtumia mtu tunayemwita mtunza daftari. Yeye anazichanganya na kumtumia jaji bila majina. Jaji anasikiliza, anatoa alama kuanzia moja mpaka kumi pamoja na neno fupi kwa kila wimbo, na Ijumaa usiku anaweka ujumbe wa sauti kwenye grupu. Hapo ndipo mtunza daftari anataja nani alileta nini. Ujaji unazunguka, kwa hiyo baada ya wiki nane kila mtu atakuwa amekalia kiti mara moja. Tulichanga shilingi 10,000 kila mtu, jumla 80,000, na mwenye alama nyingi mwishoni ndiye atachagua twende tukale wapi.

Unaona ni mchezo tu, Shangazi. Wiki nne za mwanzo zilikuwa raha tupu. Nyimbo nyingine sikuwahi kuzisikia maishani mwangu na sasa sizitoi kwenye simu.

Wiki ya tano ikawa zamu yangu. Mada niliyotoa ilikuwa "nyumbani". Nilikuwa na kazi nyingi wiki ile, nikazisikiliza nyimbo zote saba Alhamisi asubuhi ndani ya mwendokasi, nimesimama, hedifoni moja inafanya kazi na nyingine imekufa. Wa tatu ulikuwa singeli. Niliutambua mara moja, umepigwa na mdogo wake mwenzetu mmoja, kijana wa Mbagala anayejitafuta. Nikaupa nane ili kumtia moyo.

Wa nne ulipoanza tulikuwa Manzese. Gita la kwanza tu nikajua ni wa nani. Ni wimbo wa dansi wa zamani, wa bendi ya Sikinde, karibu dakika tisa, na nimeusikia nyumbani kwa shoga yangu pale Magomeni tangu nikiwa kidato cha kwanza. Baba yake alikuwa mtu wa Sikinde haswa, redio yake ya Jumapili mchana haikuzimwa. Mzee alifariki mwaka jana mwezi wa kumi.

Huyu shoga yangu na mimi ni pete na kidole, na wote wanajua. Nikawaza, nikimpa alama nyingi watasema nimembeba. Pia kusema kweli wimbo ulikuwa hauendi popote, tulipofika Magomeni nikauruka nikaenda wa tano. Nikampa tatu. Kwenye ujumbe wa sauti nikasema, "Huu mrefu kama foleni, halafu umekaa kimsiba-msiba." Grupu zima likacheka.

Majina yalipotajwa, yeye ndiye alikuwa wa mwisho. Aliandika "Sawa jaji", basi. Wiki ya sita hakuleta wimbo. Nikimpigia anapokea na ananijibu vizuri, ila siyo yule. Tangu shule tunaitana "shoga". Sasa ananiita kwa jina langu.

Mmoja kwenye grupu ananiambia nimwongezee alama yaishe. Mtunza daftari anasema daftari la wiki ya tano limefungwa. Wengine wanasema mashindano ni mashindano, asiyeweza kukosolewa asilete wimbo. Mama yangu amesikia, anasema niende nikaombe msamaha. Lakini Shangazi, nikaombe msamaha wa nini, kama nilisema kile nilichokisikia? Rafiki wa kweli si ndiye anayesema kweli? Na wiki mbili zilizobaki zote nahisi watu watanilipizia.

Jaji wa wiki ya tano,
Kimara

*

Marahaba, binti yangu.

Nimeisoma barua yako mara tatu, mara ya tatu nikiwa na kalamu mkononi, na nimepiga mstari chini ya sentensi moja ambayo wewe umeipita haraka. Unauliza uombe msamaha wa nini kama ulisema kile ulichokisikia. Binti yangu, hukusikia. Wimbo ulianza Manzese, ukauruka Magomeni. Hata kama basi lilisimama kila kituo na watu wakagombania mlango, hizo ni dakika nne, tuseme tano. Wimbo wenyewe unakaribia tisa. Uliutolea hukumu wimbo uliousikia nusu.

Tena ni nusu ya kwanza, na kwa wimbo wa dansi wa miaka ile hilo ni jambo kubwa. Nyimbo hizo hazikutungwa kama za leo, ambazo zinakukamata shati ndani ya sekunde kumi kwa kuogopa usije ukazipita. Zilitungwa kwa ukumbi. Mwanzo ni wa maneno. Mwimbaji anakaa chini na wewe anakusimulia kisa, labda ndoa iliyoharibika, labda ndugu aliyesahau kwao, na magita yanatembea polepole chini ya sauti yake ili usikose neno. Watu wengi ukumbini wanakuwa bado wamekaa. Halafu panafika mahali waimbaji wanaachia, tarumbeta zinaingia, gita la solo linashika usukani, mpiga ngoma anabadilisha mwendo. Tulikuwa tunaita chemko. Hapo viti vinabaki vitupu. Anayeondoka kabla ya chemko amesikiliza utangulizi wa hadithi, kisha anasema hadithi haiendi popote.

Halafu tazama ulikuwa umetoka wapi. Wimbo wa tatu ulikuwa singeli. Singeli inakwenda kwa midundo zaidi ya 200 kwa dakika, na ni muziki wetu wa hapahapa Dar, wa Tandale, Manzese na Mbagala. Mimi naupenda na ninaelewa kwa nini vijana wanaupenda. Lakini sikio likitoka huko moja kwa moja likaingia kwenye gita la Sikinde, litaona limesinzia. Ungetoka kwenye mwendo wa kawaida, gita lilelile ungelisikia linatembea kwa madaha. Tena hedifoni ni moja, injini inanguruma, na kitu cha kwanza kumezwa na ngurumo ni besi. Nyimbo zile bendi nzima ilikuwa inaingia studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam inapiga kwa pamoja, tepu inazunguka, na besi ndiyo inayowabeba wote. Ukiiondoa, kinachobaki ni sauti nyembamba za watu wanaolalamika. Ndiyo maana ukasikia msiba.

Hayo ni ya sikio. Sasa nije kwenye moyo, ambako naona ndiko kwenye kosa lenyewe.

Umeandika kwamba ulipoutambua uliogopa kuonekana unambeba. Basi uliposhusha alama, zilishuka kwa sababu ulijua ni wa nani. Watu wengi hudhani upendeleo ni kumwongezea rafiki. Kumpunguzia rafiki ili wengine wakuone huna upendeleo nako ni upendeleo. Kote kuwili wimbo umewekwa pembeni, anapimwa mwenye wimbo. Na katika wiki hiyohiyo moja ulifanya yote mawili. Kijana wa Mbagala ulimpa nane kumtia moyo, shoga yako ukampa tatu kujilinda. Sijui singeli ile ilistahili ngapi wala wimbo wa Magomeni ulistahili ngapi, na kwa maelezo yako wewe mwenyewe pia hujui.

Nilikulia Ilala, na kaka yangu mkubwa alikuwa mtu wa Msondo wa kufa na kuzikana. Nyinyi mnasimuliwa tu, lakini miaka ya 80 Msondo na Sikinde zilikuwa kama Simba na Yanga. Nyumba moja iligawanyika. Sasa marehemu Muhiddin Maalim Gurumo alikuwa mwimbaji wa NUTA Jazz, bendi iliyoanzishwa 1964 ambayo baadaye ikaitwa Juwata, ndiyo Msondo yenyewe. Mlimani Park, ndiyo Sikinde, ilipoanza mwaka 1978 akahamia huko, akawa sauti ya Sikinde. Kaka yangu akaanza kusema sauti ya Gurumo imechakaa. Ikitokea redioni anaondoka uani. Mwaka 1985 Gurumo akaondoka Sikinde kwenda Safari Sound, na baadaye akarudi Msondo. Koo lilelile, mtu yuleyule, umri umeongezeka. Kaka yangu akasema sasa amekomaa. Mama yetu akamuuliza, "Mwanangu, wewe unasikiliza kwa masikio au kwa kadi ya uanachama?" Kaka alinyamaza siku nzima. Swali lile nakuletea wewe, japokuwa wewe ulilikimbia jezi lako badala ya kulifuata.

Unasema rafiki wa kweli husema kweli. Ni sawa kabisa, na sitaki utoke kwenye barua hii ukidhani nakutuma ukawe jaji wa kugawa peremende. Mashindano yenu ni mazuri. Watu wazima wanane kuketi kila wiki wakapeana nyimbo, wakasikilizana, ni kitu cha kulindwa, na hayawezi kuishi kama kila mtu atampa kila mtu nane. Yule anayekushauri umwongezee alama yaishe anakushauri vibaya. Alama ya rambirambi ni matusi kwa aliyefiwa. Shoga yako ana akili, atajua imetoka wapi, na safari hii hatakuita hata kwa jina.

Lakini kweli ni kazi, na ile kazi hukuifanya. Niliwahi kuketi meza ya majaji ya mashindano ya kwaya za mitaa, zamani kidogo. Tulikuwa watatu, na mmoja alikuwa mzee aliyefundisha muziki maisha yake yote. Karatasi zetu zilikuwa na safu ya alama kushoto na safu ya maoni kulia. Mimi nilikuwa nikijaza kushoto kwanza, kisha natafuta maneno ya kutetea namba niliyokwisha andika. Yeye alikunja karatasi yake kwa urefu, safu ya alama ikafichika. Kwaya ikiimba anaandika maneno tu: sauti ya tatu imezama ubeti wa pili, maneno yanasikika, wamemaliza pamoja. Kwaya zote zilipokwisha ndipo akakunjua karatasi, akasoma alichoandika, akaweka namba. Kwaya mojawapo ilikuwa ya mtaani kwake, na mjukuu wake alikuwa anaimba humo. Sikujua mpaka tulipokuwa tunakunywa chai baadaye, kwa sababu kwenye karatasi yake hapakuwa na dalili, si ya kumbeba wala ya kumtupa. Tangu siku hiyo kila ninapoombwa kupima kitu cha mtu naandika kwanza nilichokiona.

Maneno yako kwa wimbo wa nne yalikuwa mawili: mrefu, na wa kimsiba. La kwanza ni saa, hata asiye na masikio angeliona kwenye kioo cha simu. La pili ni hisia yako wewe. Hakuna hata neno moja juu ya wimbo. Hakuna mwimbaji, hakuna gita, hakuna kisa kinachoimbwa. Hakuna pia mada, na mada ulitoa wewe.

Hapa ndipo nilipoweka barua yako chini nikakaa kidogo. Sisi watu wa pwani wimbo kwetu haujawahi kuwa wimbo mtupu. Nenda kwenye taarabu yoyote utazame wanaokwenda kutunza. Mama anakaa kimya nyimbo tatu, kisha unafika ubeti mmoja, anainuka na noti yake mkononi, anakwenda taratibu ukumbi mzima ukimwona. Hatunzi uzuri wa sauti peke yake. Ubeti ule umesema jambo lake, na anataka mtu fulani pale ndani ajue hivyo. Miaka ya 90 wakati vikundi vya TOT na Muungano vinarushiana mipasho, watu walikwenda ukumbini kusema na majirani zao kwa kinywa cha mwimbaji. Tumekulia humo. Mtu anayekuletea wimbo anakuletea neno.

Ukauliza "nyumbani", na shoga yako, ambaye hajamaliza hata mwaka tangu amzike baba yake au ndiyo kwanza anaumaliza, akakupeleka sebuleni kwao. Akakufungulia redio ya mzee. Sidhani alikuwa anatafuta alama kumi. Kati ya watu saba ambao wangeweza kukalia kiti kile, wewe ndiye uliyekuwa unaujua wimbo ule, uliyekula wali wa Jumapili ukiusikia. Inawezekana kabisa aliuleta wiki ile kwa sababu jaji ni wewe. Na wewe ukasema mbele ya watu pamekaa kimsiba-msiba. Kweli pana msiba, binti yangu. Wenzio wakacheka bila kujua wanacheka nini. Wewe ulijua.

Sikuandikii hayo ili ujichukie. Ulikuwa umechoka, umesimama kwenye basi, una saa moja ya kumaliza kazi ya watu saba. Tena ulitaka kuwa mwadilifu, na hilo ni jema hata kama mlango uliotumia ulikuwa mbaya. Nakuandikia ili ujue unakwenda kuomba msamaha wa nini, kwa sababu msamaha usiojua kosa lake unafungua kidonda tu. Mama yako amesema kweli.

Basi nenda Magomeni. Usimwandikie, usimpigie kumwambia una jambo la kuzungumza, maana atajiandaa na atakujibu lile jibu lake la adabu. Nenda kama ulivyokuwa unakwenda, Jumapili mchana, na kama kwao kuna mama, anza kwa mama, keti naye, muulize hali. Ukibaki na shoga yako, sema kwa kifupi: "Wimbo wa baba sikuusikiliza mpaka mwisho, na niliutambua, na bado nikausema vile mbele ya watu. Nisamehe." Ukishasema hivyo funga mdomo. Usieleze habari za basi wala hedifoni iliyokufa. Usimwambie "kama nilikukwaza", kwa sababu unajua ulimkwaza. Habari za alama usizitaje kabisa siku hiyo.

Huenda atasema yameisha, hakuna neno. Usidake hilo ukakimbia nalo. Muulize baba alikuwa anapenda sehemu gani ya wimbo ule. Hapo utajua. Akianza kuzungumza, keti, hata kama magari ya kurudi Kimara yatakuwa ya taabu. Akikujibu kwa mkato, kunywa chai yako, aga vizuri, rudi Jumapili nyingine. Ana haki ya kuchelewa kukuita shoga.

Kwenye grupu nako una deni, na hilo usilichanganye na la Magomeni. Maneno yalitoka hadharani, yarudi hadharani, ila mwombe kwanza ruhusa yake, kwa sababu habari za baba yake ni zake. Akikataa mzee asitajwe, usimtaje. Inatosha kuwaambia wenzako kwamba wiki ya tano hukufanya kazi ya jaji, kwamba kuna wimbo uliuruka katikati na mwingine uliupa alama za kumtia moyo mtu, na kwamba unaomba uzisikilize zote saba upya uzitolee maneno mapya. Zote saba, si mmoja. Ukiugusa mmoja tu utakuwa umerudi kwenye kumtazama mwenye wimbo. Mtunza daftari akishikilia kwamba namba zimefungwa, mwache, naye anatunza kitu cha watu wote na hajakosea. Namba zibaki, maneno yabadilike. Nina hakika katika nafsi yangu kwamba shoga yako hakuumizwa na ile tatu.

Na utakapozisikiliza safari hii, zisikilize usiku ukiwa nyumbani, kwa spika hata ndogo, si kwenye basi. Kabla ya kuanza, rekebisha sauti zilingane. Nyimbo za siku hizi zinatengenezwa zikiwa na kishindo kikubwa kuliko rekodi za zamani, na sikio likipewa vitu viwili humpa ushindi anayepiga kelele zaidi, bila wewe kujua. Mara ya kwanza zipige kwa mpangilio uliotumiwa, mara ya pili anza na wa saba urudi nyuma. Hata majaji wakubwa hukamatwa na mpangilio. Kule Ubelgiji kuna mashindano ya muziki ya Queen Elisabeth, ambako mpangilio wa washindani huamuliwa kwa bahati nasibu, na wachumi walipochambua matokeo ya piano ya miaka mingi waliona wanaopangiwa siku ya kwanza hushika nafasi za chini kuliko wanaopangiwa siku za mwisho. Majaji wale wamesoma muziki tangu utoto. Sembuse wewe na mimi. Kati ya mara ya kwanza na ya pili lala usiku mmoja. Wimbo wa kigeni kwako unahitaji kurudiwa ndipo ukufungulie mlango, na wimbo wenye ndoano nyingi wakati mwingine ukirudiwa unaisha utamu. Andika maneno kwanza, ukunje karatasi kama yule mzee wangu.

Lipo jambo moja ambalo utaratibu wenu hauliwezi. Mko wanane na mmejuana miaka. Majina mnayaficha lakini masikio yanajua. Pendekeza kwamba jaji akiutambua wimbo na akaona moyo umeanza kuyumba, upande wowote, amwambie mtunza daftari kwa siri, na wimbo ule mmoja upimwe pia na mtu mwingine ambaye hajui umetoka kwa nani. Alama zao zigawanywe kwa mbili. Hakuna atakayejua ni wimbo upi, na jaji hatalazimika kujithibitisha kwa mtu yeyote.

Kuhusu kulipiziwa wiki mbili zilizobaki, sikupi dawa. Peleka nyimbo unazozipenda kwa dhati. Ukipewa mbili, pokea mbili, na umuulize aliyekupa alisikia nini. Siku hiyo utajua pia jinsi inavyokaa kifuani.

Lakini hayo yote ni ya baadaye. Kwanza Jumapili. Kama shoga yako atakubali kuupiga ule wimbo, mwache aupige yeye, kwenye redio ya mzee kama bado inafanya kazi. Simu yako izime uiweke mkobani. Wakifika pale waimbaji wanapoachia na gita la solo linaingia, usimtazame usoni na usiseme kitu. Akiinuka kucheza, inuka naye.